Sikio na Kibali cha Masomo

Simu ya kwanza ya Jumatatu haikuwa ya moto wala ya ajali. Ilikuwa ya rangi.

"Mwanangu, duka la dawa limepakwa," ilisema sauti ya Fundi Cherehani, bila salamu, kana kwamba anaripoti mwizi.

"Limepakwa rangi gani, Mama?"

"Njano. Njano ya kuumiza macho. Wamemaliza jana jioni, na ngazi wameiacha pale pale mlangoni."

"Pande zote au mbele tu?"

"Mbele, na ubavu wa kwa seremala. Nyuma wameacha, nadhani rangi iliwaishia. Andika basi, nina mteja hapa anadai suruali yake na bado ina mguu mmoja."

Mwanamke aliyepokea simu alicheka kimoyomoyo, akavuta daftari nene lenye jalada la karatasi ya kaki, akafungua ukurasa wa barabara ya mashine ya kusaga. Alikata neno "jeupe" kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "njano", na pembeni akaweka tarehe. Kisha akachonga penseli, maana katika chumba kile penseli butu ilihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu.

Kituoni walimwita Sikio. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mke wa fundi wa majokofu, mama wa binti mmoja wa miaka minane, na kwa miaka tisa alikuwa amekalia kiti kile kile katika chumba cha simu cha kikosi cha zimamoto na uokoaji. Kiti hicho hakukiomba. Alikuwa karani wa ofisi ya maji, ghorofa ya juu, akaazimwa kwa wiki moja tu amshikie nafasi mpokea simu aliyekwenda kujifungua. Wiki ile mpaka leo haijaisha.

Chumba chenyewe hakikuwa kikubwa. Kulikuwa na meza mbili, redio ya kuzungumza na gari, saa ya ukutani iliyowekwa mbele kwa dakika moja kwa makusudi, na simu mbili: nyekundu kwa ajili ya dharura, nyeusi kwa mambo mengine yote. Ukuta mzima wa kushoto ulifunikwa na ramani ya mji, na kwenye ramani kila nyumba ilikuwa na namba yake. Shida ni kwamba mtu ambaye jiko lake linaungua hasemi namba. Husema, "Njooni, geti jekundu, ukishapita mashine ya kusaga, mkono wa kushoto!" Ndiyo maana Sikio alianzisha daftari. Humo aliandika mji kama wenyewe wanavyoutaja: kwa mageti, kwa rangi, kwa vinyozi na mafundi viatu, kwa kisima kilichofukiwa ambacho watu bado wanakitumia kuelekezana. Dereva wa gari la zimamoto, waliyembandika jina la Breki kwa sababu hakupenda kuikanyaga, alikuwa akisema kwamba gari lile halina usukani, linaendeshwa na penseli ya Sikio.

Saa nne kasoro robo Kamanda, mkuu wa kituo, aliingia. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, mwenye mwendo wa kuhesabu hatua. Aliweka bahasha juu ya daftari.

"Fungua."

Sikio alifungua. Ilikuwa nafasi ya kozi ya uofisa katika chuo cha zimamoto, miezi tisa, kulala bweni. Jina lake lilikuwa limeshachapwa.

"Nimekuandika mimi mwenyewe," alisema Kamanda. "Miaka tisa unawatuma wenzako kwenye moto. Sasa nenda kajifunze kuamuru. Ukirudi una nyota begani."

"Kamanda, sijui niseme nini."

"Usiseme. Jaza. Ijumaa saa sita mchana karatasi iwe mezani kwangu. Kibali cha masomo ni kimoja kwa kituo kwa mwaka, unajua. Tusipokitumia, kinapewa kituo jirani."

Akatoka, hatua zake zikahesabika koridoni. Sikio alibaki ameshika bahasha, macho yakiwa kwenye mkoba wake ulioning'inia nyuma ya kiti. Ndani ya mkoba, katikati ya kitana na daftari la hesabu la binti yake, ilikuwamo barua nyingine. Alikubaliwa kusoma stashahada ya usimamizi wa maafa: miaka miwili, vipindi Jumamosi na Jumapili, na wiki mbili za mazoezi kila muhula. Aliomba kimyakimya, kama mtu anayejaribu kiatu dukani bila nia ya kununua. Chini ya barua hiyo palikuwa na mstari mtupu, na chini ya mstari maneno matatu: saini ya mwajiri.

Mistari ya kujaza ilikuwa miwili, na kibali kilikuwa kimoja. Mtu aliyepaswa kusaini ndiye aliyekuwa amemchagulia tayari, tena kwa moyo mweupe.

*

Ili kuelewa kwa nini aliomba, ni lazima turudi nyuma miaka miwili, kwenye geti jekundu.

Siku ile mchana simu nyekundu ililia, na mtu akasema moto uko kwa fundi cherehani, kichochoro cha geti jekundu, baada ya mashine ya kusaga. Sikio alitazama daftari. Geti jekundu lilikuwa kichochoro cha kwanza kushoto. Akamwambia Breki, na Breki akaingia kichochoro cha kwanza kwa kasi yake ileile. Kumbe mwenye geti lile alikuwa ameozesha binti yake mwezi uliopita, na kwa furaha ya harusi akalipaka bluu. Jirani wa kichochoro cha pili, aliyelipenda sana lile jekundu, akapaka la kwake vilevile. Gari la zimamoto likajikuta limebanwa kati ya kuta mbili, halina pa kugeukia. Kurudi nyuma kulichukua dakika kumi na moja. Hakuna aliyeumia, lakini vyerehani vitatu viliungua, pamoja na nguo za wateja na kabati alilorithi fundi kwa mama yake.

Breki alijaribu kuubeba mzigo. "Mimi ndiye niliyeshika usukani," alisema. "Geti la bluu nililiona kwa macho yangu nikadhani macho ndiyo yamekosea." Lakini Sikio hakulala vizuri wiki nzima. Siku yake ya mapumziko alikwenda kwa fundi, akamkuta mama wa makamo anafagia majivu, na akamwambia bila kuzunguka kwamba aliyelipoteza gari ni yeye.

Fundi Cherehani aliegemea ufagio. "Kwani wewe ndiye uliyelipaka geti?"

"Hapana, Mama. Lakini nilipaswa kujua."

"Ungejuaje, umekaa ofisini? Mimi ndiye niliyepita mbele ya geti lile kila asubuhi, nikaona ndoo za rangi, nikasema tu, bluu imekaa vizuri. Nipe namba ya simu yako. Ile ambayo haina moto."

Tangu siku hiyo simu nyeusi haikupumzika. Fundi Cherehani aliripoti mageti, vibao na miti iliyokatwa. Alimwambia muuza mkaa, muuza mkaa akamwambia kinyozi, kinyozi akamwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake na hakuweza kukimbia. Sikio hakuwa na jina la jambo hilo. Aliona ni wema wa watu tu, na kila penseli ilipogusa karatasi alishukuru.

*

Jioni ya Jumatatu aliziweka barua zote mbili mezani, kati ya sahani.

Mumewe alizisoma huku amekunja mikono ya shati yenye harufu ya gesi ya majokofu. "Miezi tisa bwenini," alisema polepole. "Na mimi nitamsuka nywele huyu?"

"Baba, usinisuke wewe," alisema binti haraka. "Utanifunga kwa waya."

Baba mzazi wa Sikio, ambaye tangu astaafu kazi ya kupeleka barua alikuwa akiishi nao chumba cha uani, alizisogeza bahasha karibu na miwani yake, akakagua kwanza stempu, kisha ndiyo yaliyomo. "Chukua hii yenye sare," alisema.

"Kwa nini, Baba?"

"Sare ina mifuko."

Walicheka mpaka binti akapaliwa na maji. Lakini baada ya kicheko mumewe akauliza swali ambalo Sikio alikuwa akilikwepa tangu asubuhi. "Tuache mifuko na misuko. Wewe mwenyewe roho yako iko wapi?"

"Roho iko kwenye stashahada. Lakini Kamanda ndiye aliyenishika mkono. Nilifika kituoni kwa wiki moja, karani wa mafaili, na ofisi ya maji iliponidai alikwenda ghorofani mwenyewe akasema harudi huyu. Leo ananipa nyota, nami nimwambie sitaki? Ataona nimesahau fadhila zake."

Mumewe alivuta birika. Alimmiminia chai. Hilo nalo Sikio alilishukuru.

*

Jumatano, wakati wa mapumziko ya mchana, alipiga moyo konde akampigia mratibu wa masomo wa kile chuo cha stashahada. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea mbele ya feni inayopiga kelele.

"Nataka kuuliza, Mwalimu," alianza Sikio, "mtu akiwa na nafasi ya uofisa na nafasi ya kwenu, achague ipi? Na wengine wananiambia niache zote, nikasome shahada ya miaka minne moja kwa moja."

"Dada yangu, ukimuuliza muuza viatu, atakuuzia kiatu," alisema mratibu, akacheka. "Basi nitajitahidi kuwa mkweli. Chuo cha zimamoto kitakufundisha kusimama mbele ya moto na kuongoza watu. Kazi hiyo haina mbadala. Sisi tunafundisha yaliyo kabla na yaliyo baada: kujua hatari iko wapi, kupanga watu watoke vipi, habari zifike vipi, na maisha yarudi vipi moto ukishazimwa. Shahada haikimbii. Ukimaliza kwetu vizuri, vyuo vingi vitakupokea mwaka wa pili. Lakini usianze kuchagua chuo. Chagua siku ya kazi. Baada ya miaka kumi, saa nne asubuhi, unataka uwe unafanya nini? Ukishaiona siku hiyo, tafuta chuo kinachoelekea huko."

Sikio, bila kujua kwa nini, akamsimulia yote: geti jekundu, dakika kumi na moja, vyerehani vitatu. Alisimulia kama mtu anayeungama, akidhani mratibu atasema nafasi ile basi tena.

"Na hao wanaokupigia simu kuhusu rangi," aliuliza mratibu, "ni wangapi?"

Sikio alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, alikoandika wapigaji wake kwa kazi zao. Akahesabu kwa kidole. "Arobaini na mmoja."

Upande wa pili feni ilizimwa.

"Wanakupigia wenyewe? Hakuna aliyewaagiza?"

"Wenyewe, Mwalimu. Mmoja huwa anapiga hata mbwa mkali akihama."

"Dada," alisema mratibu, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, "muhula mzima wa kwanza tunafundisha watu namna ya kulifanya jambo hilo, na wengi wanamaliza hawajaliweza. Wewe unalo kwenye daftari la kaki, tena unaliona kama doa."

Sikio alirudisha simu mahali pake, akakaa akitazama ramani. Alijaribu kuiona hiyo saa nne ya asubuhi, miaka kumi mbele. Alijiona barabarani na daftari mkononi, anaongea na watu kabla hakijatokea kitu. Alijaribu kuona nyota begani. Haikutokea. Ilitokea penseli tu.

*

Alhamisi, saa tano na dakika ishirini, simu nyekundu ililia.

"Zimamoto! Njooni haraka, kwa seremala, nyuma ya duka la dawa la njano! Maranda yameshika moto!"

"Kuna mtu ndani?"

"Wametoka wote! Lakini gundi iko ndani, madebe mazima!"

"Sogeeni mbali na ukuta wa nyuma. Wanakuja."

Gari lilikuwa limeshatoka getini redio ilipokoroma. "Sikio, nimesikia duka la dawa la njano," alisema Breki. "Nakata kulia, naenda stendi."

Sikio alishika redio. Mji mzima ulijua duka moja tu la dawa la njano, lile la stendi, upande mwingine kabisa. "Usiende stendi! Kata kushoto, barabara ya mashine ya kusaga. Duka la pili baada ya mashine."

"Lile ni jeupe, dada."

"Lilikuwa. Limepakwa Jumapili."

"Una hakika?"

"Nina tarehe, na nina shahidi. Kushoto, Breki!"

Redio ilinyamaza kwa muda ambao Sikio aliuona mrefu kuliko miaka yote tisa. Alijua fika kwamba duka la Fundi Cherehani, lenye vyerehani vipya viwili ambavyo yule mama alivipata kwa taabu, lilikuwa ukuta wa tatu kutoka kwa seremala. Mshale wa saa ulitembea. Kisha sauti ya Breki ikarudi, inacheka na kuhema.

"Nimeliona! Njano gani hii jamani, ningeliona hata nimefumba macho. Tunafungua maji."

Dakika nne tangu simu ilipolia. Moto ulikula rundo la maranda na nusu ya mlango, basi. Madebe ya gundi yalitolewa yakiwa mazima. Robo saa baadaye simu nyeusi ikalia.

"Mwanangu," alisema Fundi Cherehani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Wamefika."

"Najua, Mama. Ni wewe uliyewaleta."

"Mimi nilikuwa nashona."

"Ulipiga simu Jumatatu."

Sikio alimsikia yule mama anapenga kamasi. "Basi kama ndivyo," alisema hatimaye, "waambie hao mafundi wa rangi waje waondoe ile ngazi."

*

Ijumaa saa sita kasoro dakika kumi, Sikio alisimama mbele ya meza ya Kamanda na barua mbili. Aliweka ya stashahada juu.

Kamanda aliisoma yote, mpaka tarehe. "Kwa hiyo nyota huitaki."

"Naiheshimu, Kamanda. Lakini nikifumba macho nijione kazini, sijioni nikiwa pale moto unapowaka. Najiona wiki moja kabla." Aliisogeza ile barua mbele. "Kilichotokea jana hakikuanza jana. Kilianza Jumatatu, kwa mama mmoja na simu yake. Nataka kujifunza kufanya hivyo mji mzima, kwa utaratibu, nisiwe nategemea bahati na moyo mzuri wa watu. Siku za kazi nitakuwa hapa hapa kwenye kiti. Na niliogopa kukuambia kwa sababu kila nilichonacho hapa umenipa wewe, nikaona utasema sina shukrani."

Kamanda alisimama, akaenda dirishani. Chini uani, Breki alikuwa anaosha gari huku akimsimulia mwenzake jambo kwa mikono yote miwili, povu likiruka.

"Nilikupa wiki moja tu," alisema Kamanda bila kugeuka. "Hizo nyingine umejipa mwenyewe." Sasa aligeuka. "Mimi nilipitia chuo cha zimamoto. Ndiyo njia pekee niliyoijua ya kumpandisha mtu ninayemthamini. Ningejua ipo nyingine, ningekuuliza kwanza. Nimekosea kutokukuuliza."

"Hukukosea, Kamanda. Usingeniandika kule, hii ningeiacha ndani ya mkoba mpaka ichakae."

Kamanda alirudi mezani, akavuta barua, akasaini kwenye ule mstari mtupu, taratibu, herufi zote zikisomeka. Ile ya uofisa aliirudisha kwenye bahasha na kuandika juu yake jina la kituo jirani. Aliitazama kidogo kabla ya kuiweka kwenye trei, na Sikio akajua kwamba imemgharimu.

"Nenda," alisema. "Simu zako zinakaa bila mtu."

*

Chuo kilianza mwezi uliofuata, katika darasa lenye madirisha yasiyofungika na viti vya urefu tofauti. Jumamosi ya kwanza mumewe alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, binti akiwa katikati yao na nywele alizosukwa na babu yake, mistari imenyooka kama barabara za barua. Begani Sikio alikuwa na begi jipya la turubai lililoshonwa kwa kipimo cha daftari la kaki. Fundi Cherehani alikataa kabisa kusikia habari ya bei. Ndani alikuwa ameweka mifuko sita, kwa kuwa alisikia kwamba kuna mzee aliyesifia mifuko ya sare.

Kazi ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kueleza mfumo mmoja wa kutoa habari za hatari katika jamii, kurasa tano, na mwishoni kuorodhesha marejeo. Sikio aliandika kuhusu rangi. Kwenye marejeo hakuwa na vitabu vya kutosha, basi akaandika alichokuwa nacho: fundi cherehani, barabara ya mashine ya kusaga, muuza mkaa, njia panda, kinyozi, mkabala na kisima kilichofukiwa, mpaka mtu wa arobaini na moja.

Mwalimu aliirudisha ikiwa na alama nzuri na swali moja kwa wino mwekundu pembeni ya orodha ile: "Mwaka wa kuchapishwa?"

Sikio aliisoma Jumatatu asubuhi, kwenye kiti chake, akacheka peke yake. Akachukua penseli iliyochongwa vizuri na kuandika chini ya swali: "Huchapishwa kila siku, kwa simu."

Kabla hajaiweka chini, simu nyeusi ililia.

"Hapa Kamanda," ilisema sauti, na nyuma yake zilisikika kelele za barabarani. "Nimepita kwa kinyozi wa kisima kilichofukiwa. Amehamia ng'ambo ya barabara, kibao kipya, kijani. Andika."

"Kijani iliyokolea au iliyopauka, Kamanda?"

Zilisikika hatua tatu za mtu anayerudi nyuma ili akatazame tena.

"Iliyokolea."

"Asante sana, Kamanda," alisema Sikio. Alikata, akaandika, akaweka tarehe. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari na kuongeza mtu wa arobaini na mbili.